Kitambaa cha Atuganile

Atuganile hakuwa mtu wa kupendwa upesi, na jambo hilo halikumnyima usingizi. Mtaa mzima wa Mbagala ulimjua kwa ulimi wake na kwa kombi yake. Kombi kuukuu, injini iko nyuma, ndani ina kitanda, jiko na sinki. Marehemu mumewe aliinunua kwa Wazungu waliochoka kuzunguka nayo. Yeye aliifanya duka na chumba cha kulala. Alipakia vitenge, akaenda minadani Mkuranga na Kibiti, akalala humo humo. Akirudi, kabla hajanywa hata maji, huchukua kitambaa akaifuta yote, mbele mpaka nyuma.

Mwiba wake ulikuwa Edgar, mtoto wa mumewe, mwendesha bodaboda aliyeishi chumba cha uani na kusema waziwazi kwamba gari la baba liuzwe. Hata hivyo kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo mama," naye Atuganile akaitika marahaba kama anayetema mbegu ya chungwa.

Ndipo oili ikaanza kupungua. Anajaza, anakwenda mnadani, akirudi kijiti cha kupimia kinatoka karibu kikavu. Fundi Mbwana wa gereji ya jirani akaisikiliza injini.

"Haitoi moshi wa bluu, kwa hiyo haiunguzi oili. Leo ukiipaki tandika boksi chini yake, mama. Kama inavuja, boksi litasema."

Asubuhi boksi lilikuwa safi. Haiunguzi, haivuji, basi inaibiwa. Na nani pale nyumbani ana pikipiki inayotaka oili? Alimfuata Edgar bombani, mbele ya wapangaji.

"Unafyonza oili ya gari ya baba'ako ili ife, uiuze chuma chakavu."

"Mama, mie gari yako sijaigusa."

"Usiniite mama. Na shikamoo yako kaa nayo."

Edgar hakukaa nayo. Asubuhi zilizofuata aliendelea kuamkia, na Atuganile akaendelea kupita kimya. Kumnyima mtoto marahaba si mchezo. Alijua uzito wake, na ndiyo maana alifanya. Mwisho kijana akahamia Vingunguti kwa rafiki yake, kitanda akakiacha.

Oili ikaendelea kupungua.

Safari hii alimwendea Mbwana kwa shari, akamwita fundi wa kubahatisha. Mbwana alipanda naye kombi, wakaenda mpaka Kongowe na kurudi. Waliposimama gereji, Atuganile akashuka na kitambaa chake mkononi, moja kwa moja nyuma.

"Usifute," Mbwana alisema.

Bampa la nyuma liling'aa kwa weusi wenye unyevu. Mbwana akafungua injini, akamwonyesha swichi ndogo ya presha ya oili, imeingia ufa.

"Ikizimwa haitoi hata tone. Ikiwaka, oili inarushwa huku. Hukuwahi kuyaona mafuta haya?"

"Nilikuwa nayaona. Nikajua masizi ya malori."

"Ukafuta."

"Nikafuta."

Mbwana akacheka. Atuganile alitamani kumzaba kibao, maana kwa mkono wake mwenyewe alikuwa akiufuta ushahidi wa kumsafisha Edgar.

Jumapili Edgar akaja na guta la mizigo kuchukua kitanda. Atuganile aliona aibu, kisha akakasirika kwa kuona aibu. Kuomba radhi hakujifunza, na kwa uzee huu asingeanza. Lakini alishaamua: kijana akimwamkia tu, ataitika marahaba kwa sauti, wapangaji wote wasikie, na mwenye akili ataelewa. Akasimama mlangoni akiingoja salamu hiyo. Shikamoo haianzi kwa mkubwa.

Edgar akapita na godoro. Akarudi, akapita na chaga. Mara zote mbili alimtazama usoni bila kutikisa mdomo. Alipomaliza kufunga kamba, akashika geti.

"Nifunge?"

"Liache wazi," Atuganile alisema.

Edgar akalifunga.