Mstari wa Kwanza

Leo nimetia cherehani mafuta, na harufu yake imenirudisha Kimilili, kwenye baraza ya duka ambapo mama alishona sare za shule. Vipande vilivyobaki aliviunganisha: kijani, maruni, samawati, kila rangi na shule yake. Chini alitandika shuka, katikati blanketi kuukuu, juu viraka vyake, akabana vyote kwa pini viwe blanketi moja zito.

"Anzia katikati, isikunjane," aliniambia. "Wewe shona mstari wa kwanza. Hiyo ingine yote itaufuata."

Nilikanyaga pedali ya cherehani kwa ncha za vidole, maana miguu haikufika vizuri. Sindano ikakimbia, mstari ukapinda kama njia ya ng'ombe. Mteja aliyesubiri sare ya mtoto wake akacheka. "Ati hiyo ni nini, bana? Si umfumulie?"

Mama aliketi mahali pangu, akaweka mguu mdogo wa chuma wa cherehani kando ya mshono wangu, akashona wa pili, wa tatu, mpaka ukingo wa kila upande, kila mmoja umepinda palepale.

Blanketi hilo sasa liko kitandani kwa binti yangu. Nimelitazama sana, na siwezi kujua mstari upi ulikuwa wangu.