Kipimo cha Pareto na Saa za Kafyu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kazi ya Embu sikupewa kiti. Nilisimama kando ya meza ya Afisa wa Kazi, Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili cha kutosha lakini si Kiembu wala Kimeru. Mimi ni mzaliwa wa Embu na mama yangu alitoka Imenti, upande wa Meru, kwa hiyo lugha zote mbili nilizipata nyumbani, na Kiswahili nikakisoma shuleni. Cheo changu kiliitwa karani mkalimani.

Mtu wa kwanza kuingia asubuhi hiyo alikuwa mpishi aliyefukuzwa. Alimtukana mwajiri wake kwa Kiembu, tusi zito la kutaja wazazi. Mimi kwa aibu nikafasiri, "Anasema hakutendewa vizuri."

Afisa akanitazama. "Amesema mengi kuliko hayo. Sikukuajiri unipunguzie maneno. Mtu akija hapa, yote anayosema ni yake."

Tangu siku hiyo sikupunguza.

Vijana wengi hudhani kwamba wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya msituni dhidi ya wakoloni, mfanyakazi hakuwa na haki yoyote. Alikuwa nazo, ila zilikuwa nyembamba. Vibarua wa mashamba waliajiriwa kwa tiketi, yaani kadi iliyotiwa alama kila siku waliyofanya kazi. Kila asubuhi walipewa kipimo, kazi iliyokadiriwa kumalizika siku hiyo. Mwajiri aliyetaka kumwondoa mtu alitakiwa kumpa notisi, yaani kumwarifu mapema na kumlipa mpaka siku ya mwisho. Kufukuzwa papo hapo kulikuwa kwa makosa makubwa, kama wizi au kukataa kazi. Ugomvi mwingi tuliousikia ulikuwa hapo: mtu asiyefikisha kipimo, je, amekataa kazi au ameshindwa?

Baadaye Afisa alihamishiwa Meru, akanichukua. Hatujakaa sana, wakaja wanawake watano kutoka shamba la pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, juu ya Kiirua. Walikuwa wametembea mpaka barabarani, wakapewa nafasi juu ya magunia katika lori la Mwislamu mmoja mfanyabiashara wa Meru mjini. Msemaji wao aliitwa Karwitha, mjane mwenye watoto wawili. Meneja alikuwa amewafukuza wote kwa uvivu, na akaahidi kuandika neno hilo kwenye karatasi zao za kuachishwa kazi.

Mzigo wa neno lile haukuwa aibu tu. Miaka ile hukuweza kutoka eneo lako bila pasi, na pasi ya kazi haikutolewa kwa mtu aliyeandikwa mvivu au mkaidi. Karwitha angefungiwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, akachimbe mitaro ya serikali bila ujira, na watoto wale nini?

Tulipanda Kiirua kesho yake. Meneja alitungoja mbele ya kaushio, nyumba ya kukaushia maua, pamoja na nyapara wake, Mmeru wa makamo aliyevaa koti la jeshi.

"Kipimo chao wanakijua," meneja alisema. "Wengine walikijaza miaka yote. Hawa hawataki kazi."

Afisa akamgeukia Karwitha. "Mwambie ajibu."

Nikamwambia. Karwitha hakuinua sauti. Alisema kwa Kimeru kwamba ua la pareto halichumwi likiwa na umande, kwa sababu huoza kabla ya kukauka, na nyapara mwenyewe huwarudisha wakithubutu. Kwa hiyo huanza jua likishapanda. Zamani walichuma mpaka jioni. Sasa kafyu, amri ya kutotoka nje usiku, inawataka wawe ndani ya lango la kijiji mapema, na mwendo ni mrefu.

Kisha akasema, "Asubuhi umande unatukataza, jioni bunduki inatukataza. Kikapu kijae saa ngapi?"

Nyapara aliniinamia haraka. "Hilo la bunduki liache," akaninong'oneza kwa Kimeru, kidole chake kikielekea langoni. "Unataka waseme yeye ni wa msituni? Na wewe je?"

Homugadi wawili, askari wa kijiji wa serikali, walikuwa wamesimama kwenye lango la shamba. Watu walikuwa wamechukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikamtazama Karwitha. Alikuwa akiniangalia mdomoni, akingoja maneno yake yatoke.

Nikafasiri yote. Umande, na bunduki.

Meneja akawa mwekundu. "Umesikia? Hiyo ni siasa!"

Afisa aliuliza tu, "Kipimo hiki kiliwekwa lini?"

"Kipimo ni kilekile cha siku zote."

"Kabla ya kafyu?"

Meneja akageuka kumtazama nyapara wake.

"Basi umeiacha kazi ilivyokuwa na saa zimekatwa," Afisa alisema. "Hawa hawakukataa kazi. Huwezi kuwafukuza papo hapo, wala hutaandika uvivu."

Walirudi kazini siku ileile. Njiani Afisa aliniambia nyapara amemlalamikia kwamba nimeongeza neno. "Sikuongeza, Bwana," nikasema. "Najua," akajibu. "Nilimwona akionyesha langoni kwa kidole."

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Mwezi haujaisha, Karwitha akaja ofisini peke yake. Meneja alikuwa amempa notisi halali, amemlipa mpaka siku ya mwisho, na sababu hakutoa.

"Anaweza kunifukuza hivi?" akaniuliza.

Nilimfasiria Afisa, naye akaisoma notisi mara mbili. "Mwambie anaweza. Sheria yetu haimlazimishi kutoa sababu."

Sijawahi kufasiri sentensi ngumu kama ile. Karwitha alifunga leso yake, akashukuru, akatoka. Karatasi yake ilikuwa safi, akapata pasi, na yule mwenye lori akamwajiri kuchambua maharagwe mjini.

Baada ya Uhuru nilipanda cheo nikawa mkaguzi wa kazi, nikastaafu nikiwa Embu. Sheria ya leo imekwenda mbali. Mwajiri lazima atoe sababu, akupe nafasi ya kujirekebisha, na akusikilize ukiwa na mwenzako wa kushuhudia. Wajukuu zangu wanaouza simu na bima huko Nchiru huniletea hofu zao za kipimo, wao wanasema "target". Nawaambia wasitie sahihi chochote kwa hasira, na waulize kwanza kama walipewa saa na vifaa vya kufikia wanachodaiwa.

Karwitha nilikutana naye mara moja tu, soko la Kianjai, sote tukiwa wazee. Nikamwomba radhi kwamba tulishindwa kumlinda.

Akacheka. "Kazi waliichukua, karani. Lakini watoto wangu walisoma, na hakuna karatasi popote inayosema mama yao alikuwa mvivu."