Pomboo Aliyepewa Mkono na Wifi Yangu

Wifi yangu Kadya anauza samaki wakavu katika soko la mji wetu wa bandari, Olongapo, tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ukitaka kumjua usihangaike na uso wake, tazama mkono wake wa kulia. Mkono huo umepasua matumbo ya samaki wengi kuliko watu wa mji huu. Umempiga mbwa wa diwani, na kidogo umpige diwani mwenyewe. Hauachi kunuka samaki hata ausugue kwa ndimu mpaka ngozi ilie. Marehemu kaka yangu aliuoa pamoja na harufu yake, akafa anaupenda. Mimi ni dada yake, kwa hiyo nina haki ya kusema ninayoyasema.

Kwetu mkono wa mzazi si kitu cha mchezo. Mtoto akiingia nyumbani anasema, "Mkono, Mama." Mama anautoa, mtoto anainama anaugusisha kwenye kipaji cha uso wake, mama anasema Mungu akubariki, basi, kila mtu anarudi kwenye wali wake. Hata mwizi humfanyia hivyo mama yake kabla ya kwenda kazini. Lakini Toryo, mwana wa pekee wa Kadya, alikuwa mwaka wa sita hajapewa mkono huo, na sababu ni nguruwe.

Toryo ni baharia wa meli za mizigo. Alipomchumbia Marivel, Kadya alinunua kitoto cha nguruwe akamlea kwa ajili ya harusi. Akampa jina Kapteni, kwa kuwa Toryo siku hizo alikuwa amegombana na kapteni wake, akaona mwanawe atamla kwa raha zaidi. Alimlisha vizuri kuliko alivyowahi kunilisha mimi. Nguruwe akatoka mashavu kama padre wetu. Kisha siku moja kampuni ikampigia Toryo simu kwamba meli inaondoka, naye akamshika Marivel wakaenda kwa meya, wakaoana mbele ya karani mwenye mafua, na mama mtu akapata habari kwa simu kutoka uwanja wa ndege.

Kadya hakulia. Alimwuza Kapteni kwa jirani aliyekuwa anamwoza bintiye, na kwa sababu ni jirani, tukaalikwa. Wifi yangu akakaa meza ya mbele akimtazama Kapteni amelazwa juu ya majani ya migomba, ngozi imeiva inang'aa, na hakutia hata kipande kinywani. Mimi nilikula. Alikuwa mtamu sana. Nikamwambia hivyo, hatukusemeshana mpaka Krismasi.

Tangu hapo Toryo akirudi kutoka baharini na kusema, "Mkono, Mama," mikono ya Kadya hupata kazi ghafla. Inafunga nywele, inapara samaki, inajificha kwapani. Mjukuu anapewa mkono mzima. Marivel anapewa ncha za vidole. Toryo anapewa chakula, tena kingi, lakini mkono hapana. Kadya alisema atautoa siku mwanawe atakapokiri kosa la nguruwe. Toryo alisema hawezi mtu mzima, fundi wa mitambo ya meli, kuomba radhi kwa ajili ya nguruwe. Nikawaambia wote wawili ni wajinga. Hilo peke yake ndilo walilokubaliana kulikataa.

Mwaka huu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Toryo alikuwa anaondoka Jumatatu kwa mkataba mrefu, na kifua cha Kadya hakikuwa kizuri tangu mvua zilipopita. Alikuwa anakohoa usiku kama jenereta. Kila mtu nyumbani alijua kwamba huenda Toryo akirudi safari ijayo asiukute huo mkono anaougombania, na kila mtu alizungumza habari za hali ya hewa.

Basi Toryo akatangaza kwamba Jumapili, baada ya misa, twende sote kwenye bustani ya bahari pale ghubani, ambapo watu wanaingia majini na pomboo. Alijua alichofanya. Kadya amesema maisha yake yote kwamba yeye hukutana na samaki wakiwa wameshakufa, na angependa siku moja akutane na mmoja anayeweza kumjibu.

"Pomboo si samaki, Bibi," alisema mjukuu wake. Mtoto anaitwa Jhaznelle. Hiyo h msiniulize, padre aliuliza na hakujibiwa.

"Anakaa majini, ana mkia, anakula wenzake," Kadya alimjibu. "Ni samaki. Tena kama diwani."

Marivel alikuwa ametushonea fulana za familia, maana hakuna familia ya kwetu inayokwenda matembezi bila fulana za aina moja. Zilikuwa za manjano, na kifuani amechapisha uso wa Kadya kuonyesha heshima. Kwenye tumbo la Toryo uso ulivutika mpaka wifi yangu akawa kama amejazwa hewa. Kadya aliikataa yake. Alisema hajawahi kujivaa mwenyewe na hataanza uzeeni. Akaja na gauni lake la nyumbani lenye maua, na mimi nikavaa uso wake siku nzima, jambo ambalo hajanishukuru.

Getini kulikuwa na kibao kirefu cha mambo yanayokatazwa. Nilisoma mstari wa kwanza nikaona unatosha. Askari alituachisha sufuria ya wali, kuku wa siki, na ndizi zote. Hakuwapata samaki wakavu wa Kadya kwa sababu hakuna askari aliyezaliwa ambaye angetia mkono mahali walipokuwa. Tulipofika kwenye ndoo za chakula cha pomboo, Kadya akachungulia, akainua samaki mmoja akamtazama macho na mashavu, akamrudisha. Akaninong'oneza kwamba hao ni wabichi kuliko wa soko letu, na kwamba kama angejua angezaliwa pomboo.

Tukavishwa majaketi ya kuelea, langu na la Toryo yakakataa kufunga mbele, tukashuka ngazi mpaka maji yakatufika kiunoni. Gauni la Kadya likapanda juu ya maji likafunguka kama mwavuli, akalipiga makofi lishuke, likapanda tena. Kulikuwa na familia nyingine mbili pamoja nasi, moja ya fulana nyekundu na moja ya kijani, watoto tele. Toryo alisimama mbali kidogo, mwisho wa mstari. Baharia mzima, na alikuwa anaogopa kumsogelea bibi kizee mwenye mwavuli.

Kijana wa filimbi, jina lake Renante, akatueleza. Pomboo ni jike, anaitwa Estrella. Mtu anyooshe mkono mbele, kiganja chini, atulie, na Estrella atakuja kuugusa kwa mdomo. Akamwambia Kadya aanze, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Sasa mwambie mama yeyote wa kwetu anyooshe mkono, kiganja chini, aulegeze. Anajua namna moja tu. Kadya akautoa kama anavyoutoa mlangoni kwake, kifundo juu, vidole vimening'inia, uso umeangalia pembeni kama askofu aliyechoka. Estrella akaja chini ya maji, kivuli kinene, akainuka. Hakugusa kwa mdomo. Aliinamisha lile paji lake la mviringo akaliweka chini ya mkono wa wifi yangu, akatulia.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Kadya.

Lilimtoka tu, kama chafya. Watu wote majini wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikameza maji ya chumvi. Jhaznelle akamwuliza kama pomboo sasa ni Mkatoliki. Kadya akakunja uso, lakini mkono hakuushusha, kwa sababu Renante alikuwa amesema atulie, na yeye akichekwa huwa mgumu zaidi.

Na hapo ndipo mambo yalipomponyoka. Mkono wa mzee ukiwa umenyooka, mtoto wa kwetu hawezi kuupita. Ni kama mlango ulio wazi. Renante mwenyewe, na filimbi mdomoni, akainama akauweka kwenye paji la uso wake bila kufikiri, kisha akakumbuka yuko kazini. Akafuata Jhaznelle. Akafuata mtoto wa fulana nyekundu, halafu ndugu zake, halafu wale wa kijani, wakipiga maji kwa zamu, hata baba yao mwenye kipara akaja. Kadya anasema Mungu akubariki, Mungu akubariki, sauti ya mtu anayehesabia wateja chenji. Estrella naye alirudi mara ya pili, kwa kuwa Renante alikuwa amesahau kumfukuza. Mtu angedhani ni Ijumaa Kuu.

Mwisho wa mstari alikuwa amebaki Toryo.

Alikuja polepole, uso wa mama yake umelowa kwenye tumbo. Niliona mkono wa Kadya umeanza kurudi, vidole vimejikunja. Marivel alinishika jaketi kwa nyuma akalivuta. Sote tukageuka kutazama, hata wale wa kijani ambao hawakujua chochote, maana watu wa kwetu wananusa ugomvi wa familia hata majini.

"Mkono, Mama," alisema Toryo.

Kadya alitazama maji. "Mkono huu ni wa samaki," akasema.

"Naona. Samaki amekwenda mara mbili."

"Samaki hakuniuzisha nguruwe."

Nilidhani Toryo atageuka aondoke, kama miaka yote. Alifuta maji usoni. Akasema, taratibu, ila Renante na nchi nzima walimsikia, "Nilikosa juu ya Kapteni, Mama. Ulimlea kwa ajili yangu. Ningekungoja wewe, meli ingeondoka bila mimi, na ningepata nyingine."

Kadya akakohoa. Akakohoa tena, na nusu ya kikohozi hicho haikuwa kifua. Akasema, "Hata kipande sikula."

"Shangazi aliniambia."

"Shangazi yako alikula sahani mbili."

"Tatu," nikasema, kwa sababu ukweli ni ukweli.

Mkono ukabaki pale ulipokuwa, haukurudi wala haukwenda mbele. Toryo akainama. Yeye ni mrefu, ilibidi azame mpaka mabegani, na akaliweka paji lake chini ya ule mkono, mahali palepale alipokuwa pomboo.

"Nimeshambariki samaki mbele ya watu," alisema wifi yangu, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Nikimnyima huyu watasemaje." Kisha akasema zile baraka, kwa sauti ndogo, na vidole vyake vikabaki kwenye nywele za mwanawe zaidi ya inavyohitajika.

Renante akapuliza filimbi kwamba muda umekwisha.

Tulinunua picha getini. Ndani yake Estrella ni mkia tu, Toryo haonekani, na mimi nimefumba macho na kinywa wazi, uso wa Kadya kifuani kwangu umenuna kwa niaba yetu sote. Kadya ameitundika juu ya televisheni. Wateja wakimwuliza anawaambia samaki yule alikuwa na adabu kuliko watoto wengi wa mtaa huu, na Jhaznelle akisema si samaki, anapewa samaki mkavu anyamaze.

Toryo alidhani yameisha. Jumatatu alfajiri, begi begani, gari linanguruma nje, alimbusu mkewe na mtoto akaanza kushuka ngazi. Kadya alikuwa ameketi mlangoni na beseni lake, anapara samaki.

"Unakwenda wapi?" akamwuliza.

Toryo akasema, Mama, si tulishafanya jana.

"Ya majini haihesabiki," alisema Kadya. "Ile ilikuwa ya samaki."

Akautoa mkono yeye mwenyewe, wa kwanza, haujaoshwa, magamba mpaka kwenye kifundo. Nilimwambia angalau aufute. Toryo hakungoja aufute. Aliinama, akabarikiwa, akaingia garini na magamba matatu yamemng'ang'ania kwenye paji, na Marivel alipotaka kumpangusa kwa leso kupitia dirishani, alirudisha kichwa nyuma akakataa.