Gundi Iliyowahi Kuiva

Jina lake halisi mtaani halina kazi. Ni Mama Gundi, basi. Anapika gundi nyeupe ya mbao katika chumba cha nyuma, kwenye pipa la chuma lenye mwiko unaozungushwa na mota, na hana haraka na mtu. Mafundi seremala wakigonga mlango kuulizia, huwajibu bila kugeuka, "Haijaiva." Ana kiburi kidogo na kazi yake, na kusema kweli kinamstahili.

Siku hiyo mwenye haraka alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, seremala aliyepata oda yake kubwa ya kwanza: viti vya ukumbi, vya kupelekwa kesho yake asubuhi. Mama Gundi alipotoka kupokea mzigo wa malighafi, shemeji alibaki akitazama kianzishi, ile dawa inayoamsha gundi, kikidondoka tone tone ndani ya pipa. Uvumilivu ukamshinda. Si mkewe huongeza hamira mkate uumuke upesi? Akafungua koki yote.

Mama Gundi aliporudi, pipa lilikuwa la moto kupita kawaida na gundi nzito, nyeupe pe. Alichovya kidole, akakibana na gumba, kisha akaviachanisha. Gundi yake huvutika ikawa uzi mrefu. Hii ilikatika papo hapo.

"Shemeji, umegusa koki?"

"Nimekusaidia kidogo tu. Si imeiva?"

"Imeiva bila nguvu. Kila chembe ya kianzishi inaunganisha malighafi kuwa mnyororo wake wa gundi. Ukizimwaga zote pamoja, minyororo inakuwa mingi, inagombania malighafi ile ile, halafu inagongana na kukoma mapema. Inabaki mifupi, na mifupi haishiki mbao."

"Mbona kwa macho ni ile ile! Nimeahidi asubuhi, shemeji. Nikichelewa, oda imekwenda."

Mama Gundi alimwonea huruma, alijua alivyoihangaikia oda ile. Lakini hakulegea.

"Haya, ichukue. Ila kiti cha kwanza utakikalia wewe, mbele ya mwenye ukumbi."

Shemeji alilitazama pipa. Akalitazama tumbo lake, ambalo si haba. Kisha akatoa simu, akajikohoza.

"Bosi, viti bado kidogo," alisema. "Gundi haijaiva."