Kimya cha Stoo

Mtunza vifaa wa chuo hamkabidhi mwanafunzi kinasa sauti kabla hajakijaribu kwa kurekodi kimya cha stoo. Hukifuta taratibu, kama mama anayempangusa mtoto kamasi, kisha husema, "Haya wanangu, baneni pumzi." Wanafunzi watatu waliokuwa wakienda kurekodi muziki na kelele za jiji walibana pumzi, kicheko kikiwatekenya. Binti aliyevaa hedifoni aliposikiliza walichorekodi, aliikandamiza masikioni. Ndani ya kile kimya, mtu alikuwa akiimba polepole, karibu kabisa na maiki.

"Mzee, nani huyu anayeimba?"

Mzee hakushtuka. Alichukua hedifoni ya nne, akaipangusa vilevile, akaitia kwenye begi lao.

"Mwenzenu. Mwaka jana aliugua, wenzake wakaenda kurekodi bila yeye. Waliporudi, tulishamzika. Safari hii, wanangu, msimwache."