Taa Iliyompiga Mama Mkwe

Taa ya sebuleni kwa mama mkwe wangu ilimpiga shoti siku alipopanda kigoda kubadilisha balbu. Ilimtupa chini, akateguka mkono, na tangu hapo akaufunga mlango wa sebule. Wageni wakawa wanakaribishwa uani, kwenye viti vya plastiki, karibu na kamba ya nguo. Yeye mwenyewe, aliyekuwa amepokea watu katika sebule hiyo ya mtaa wa Ngagara, Bujumbura, tangu alipoolewa, akawa anaupita mlango ule kwa mbali, kama vile kuna mbwa mkali ndani.

Wanawe walilichukua anguko lile kuwa ushahidi. Alikuwa ameanza kusahau: dawa zake, sufuria motoni, funguo mlangoni. Baada ya kuanguka wakamwondolea kila kitu, kwa upole, jinsi watu wanavyofanya wakiwa na sababu nzuri. Funguo zikaenda kwa shemeji yangu, kitinda mimba, anayeishi chumba cha nyuma katika kiwanja hicho hicho. Jiko likawa la mfanyakazi. Mama akabaki na kiti barazani. Na kuhusu taa, shemeji aliamua kwamba ing'olewe, iwekwe balbu moja ya kuning'inia, mambo yaishe.

Mimi nikasema nitaitengeneza.

Hapa niseme jambo moja bila kujinyenyekeza, maana unyenyekevu wa uongo unanichosha: kazi ya waya naijua. Siku za kazi mimi ni karani, napiga mihuri na kupanga mafaili, na hakuna aliyewahi kunisifu kwa hilo. Lakini Jumamosi za mwaka mzima nilizimalizia mtaa wa Kinama, kwa fundi mmoja Mkongomani anayetengeneza taa na pasi chini ya kibanda chake cha bati. Mwanzoni alidhani namtania. Kisha akanipa plagi iliyoungua, akaniambia niifungue na kuifunga mpaka siku nitakayomaliza bila skrubu kubaki mkononi. Ilichukua muda, sikatai.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila kila nilipomwambia nimekata umeme, aliniuliza swali lile lile: "Umekata, ni bien, ni vizuri. Sasa uniambie, nani anaweza kuwasha?"

Swali hilo lina uzito wake mjini kwetu. Bujumbura umeme hukatika mara kwa mara, na watu wamezoea kuona kukatika huko kama nafasi: umeme umeenda, haya, leta bisibisi tutengeneze taa. Swichi kuu hawaigusi. Wanafanya kazi kwa kuamini kwamba umeme utakawia, na umeme haujawahi kumwahidi mtu saa ya kurudi. Nimewaona watu wazima, wenye diploma zao ukutani, wameshika waya mtupu huku wanapiga soga. Wananiudhi mpaka leo.

Jumamosi niliyokwenda kuitengeneza taa, umeme ulikatika nikiwa bado nasogeza meza katikati ya sebule. Nilikuwa nimevaa suruali. Kwetu, mkaza mwana kusimama na suruali juu ya meza ya mama mkwe wake si jambo dogo. Mama, aliyesimama kizingitini bila kuingia, alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Ukipanda hivo, watu watasema nini?"

"Watasema taa inawaka, Mama."

Nikaenda kwenye korido, kwenye kisanduku cha umeme, kushusha ile swichi kuu tunayoiita disjoncteur. Shemeji alikuwa anapita.

"Shemeji, courant imeenda. Unakata nini tena?"

"Nakata ile itakayorudi."

Akacheka, akaenda zake chumbani.

Nilipokwisha kuishusha, nikabaki nimesimama pale. Nyumba ile ni ya zamani, na kisanduku chake hakina mlango wala mahali pa kutia kufuli. Swichi iko wazi kwa kila mkono unaopita. Testa nayo, ile bisibisi yenye kijitaa, isingenisaidia. Asubuhi nilikuwa nimeijaribu kwenye prizi ya nyumbani kwangu ikawaka vizuri, lakini umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, haiwaki hata kama swichi iko juu. Nilihitaji mtu wa kulinda. Jumamosi iliyotangulia, nilipovuta waya wa ardhi hadi darini, mume wangu ndiye aliyenilindia. Jumamosi hii alikuwa safarini. Mfanyakazi alikuwa sokoni. Shemeji nilishamsikia akicheka.

Nikaleta kiti cha Mama kutoka barazani, nikakiweka chini ya kisanduku.

"Mama, ukae hapa. Mutu yeyote asiguse hii mpaka nikuambie."

"Mi?"

"Ndiyo, Mama."

"Mukazana wangu, mi nasahau. Hawakukuambia?"

"Waliniambia." Nikamwonyesha viganja vyangu. "Mikono yangu itakuwa kwa waya," nikasema.

Niliogopa wakati nayasema maneno hayo, sitaficha. Mama aliitazama mikono yangu, mmoja kisha wa pili. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaketi.

Taa yenyewe ilikuwa ya shaba, yenye mikono mitatu, aliyoinunua baba mkwe enzi za uhai wake. Nyaya zake zilikuwa za kizamani, zimevikwa kitambaa, na ndani ya kitambaa mpira ulikuwa umekauka kabisa. Nilipoupinda waya mmoja, gamba lilimwagika mezani kama makombo ya mkate. Ndani ya mkono wa tatu waya ulikuwa uchi na unagusa mwili wa taa. Ndio uliompiga. Nilifurahi kuuona kama mtu aliyemshika mwizi wa kuku. Nikavuta nyaya zote nje, nikapitisha mpya, waya wa moto kwenye kitako cha katikati cha kila kishikio cha balbu, ule mwingine kwenye pete ya nje, na wa tatu, wa kijani na njano, nikaukaza kwenye mwili wa taa, ili siku waya ukichubuka tena umeme uende ardhini na si kwa binadamu. Kisha nikapanda mezani, nikaitundika taa kwenye ndoano yake, nikaanza kuunganisha nyaya za dari.

Kila baada ya muda sauti ilitoka kwenye korido: "Uko?"

"Niko, Mama."

Vidole vyangu vilikuwa vimeshika shaba tupu mtaa ulipopiga kelele. Yeyote aliyeishi kwetu anaijua kelele hiyo: watoto wanashangilia, redio za majirani zinaanza zote kwa pamoja, mashine ya kusaga ya mtaa wa pili inanguruma. Umeme ulikuwa umerudi kila nyumba isipokuwa yetu. Nikatoa mikono. Nikasikia ndara za shemeji zinakuja mbio.

"Maman, disjoncteur imeruka. Sogea niwashe, niko na kazi ya kutuma."

"Apana."

"Maman, angalia, majirani wote wako na courant."

"Nimesema apana. Kuko mutu kwa waya."

"Amekwisha shuka zamani. Maman, we unasahau mambo, wacha nii..."

Kikasikika kiti kinaburutwa, halafu kofi. Halikuwa la mzaha.

"Nasahau dawa," Mama alisema, na sauti yake ilijaa nyumba nzima. "Nasahau funguo. Huyu simusahau. Toa mukono!"

Ndara zikarudi nyuma. Nilikuwa nimesimama juu ya meza, kichwa karibu na dari. Niligusisha testa kwenye waya wa kwanza, haikuwaka. Kwenye wa pili, haikuwaka. Sasa mtaa mzima ulikuwa na umeme, na testa ilikuwa inasema kweli. Akili iliniambia nishuke, ningoje mume wangu arudi, kazi hii haikimbii. Ningeshuka, wala hakuna ambaye angenilaumu. Lakini Mama angejua kwa nini nimeshuka.

Nikarudisha mikono kwenye nyaya.

"Uko?" akauliza.

"Niko, Mama. Naendelea."

Nilikaza skrubu sita bila haraka, nikavuta kila waya kuona kama umeshika, nikafunika kiungo. Nimeshatengeneza taa nyingi tangu siku hiyo, mpaka za majumba ya matajiri wa Kinindo, na bado naihesabu ile kuwa kazi yangu bora.

Niliposhuka, alitaka kusikia miguu yote miwili iko sakafuni kabla hajasimama. Swichi aliipandisha mwenyewe. Taa ikawaka mchana ule, balbu tatu, na Mama akaja kizingitini, akasita, akaingia. Nikamwekea kigoda, akapanda nikimshika kiuno, akaigusa shaba kwa kiganja kizima. Shemeji alisimama nyuma yetu na simu yake.

Jumapili baada ya kanisa wanawake wenzake walikuja, wakaketi sebuleni chini ya taa. Siku hiyo Mama alisahau mengi: aliniuliza mara mbili kama watoto wamekula, na akamwita mgeni mmoja kwa jina la dada yake marehemu. Kisha mmoja wao akaangalia juu, akauliza ni fundi gani aliyeitengeneza taa. Nilivuta pumzi. Jibu nilikuwa nalo tayari, refu, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi.

"Tulikuwa wawili," Mama akasema. "Yeye alikuwa juu, mi nilikuwa chini kwa disjoncteur. Bila mi, angekuwa amekufa."

Akaomba sukari. Nikampa bakuli kwa mikono miwili, nikawaambia wageni kwamba ndivyo ilivyokuwa.