Tulipocheza Gofu Kando ya Magari ya Kulala

Tulianza kucheza gofu mwaka nilipopoteza mimba ya tatu. Daktari wa Guangzhou aliniambia nitembee, nisishinde dukani nikipanga viatu. Lakini kutembea Zhanxi, kwenye soko lenye duka letu, ni kukwepa mikokoteni, na mtaani kwetu Xiaobei kila hatua nilikutana na mtu wa nyumbani anayeniuliza, "Shemeji, unaumwa?"

Mume wangu akaulizia kwa laoban wetu, bosi wa kiwanda aliyetuuzia raba. Akatuelekeza nje ya mji, kwenye bustani ambako Wachina huegesha magari yao ya kulala, yale yenye vitanda na jiko ndani, wakapumzika siku mbili tatu. Kando ya maegesho palikuwa na uwanja mdogo wa gofu, mashimo tisa tu. Hawakuuliza uanachama. Unakodi fimbo kibandani, unapewa mipira, unaingia.

Siku ya kwanza nilicheza na baibui, nimelishika kwa mkono mmoja. Mpira wangu ukaenda kugonga tairi la gari lililoegeshwa. Mzee mmoja akateremka na mswaki mdomoni, akauokota, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayenipa zawadi. Nilicheka mpaka nikachuchumaa. Mume wangu akabaki kunitazama. Tangu hospitali nilikuwa sijacheka.

Basi ikawa kila Jumapili asubuhi. Tulipanda metro, kisha basi, na chapati zangu ndani ya mfuko. Mume wangu hakuwa mchezaji. Mpira ukimkalia vibaya aliusogeza kwa ncha ya kiatu, akidhani sioni. Nilimwacha.

Kati ya shimo na shimo tulizungumza. Nyumbani hatukuwahi kuwataja wale watoto, kule tuliwataja. Aliniambia yule wa pili alitaka kumpa jina la bibi yake. Nikamwambia nilishamnunulia soksi, na kwamba bado ninazo. Tulisimama na fimbo zetu, tukalia, kisha tukaendelea na shimo la tano. Nilidhani tumevuka.

Mwaka uliofuata akawa anasafiri Dar mara kwa mara. Mizigo ilikwama, alisema. Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun, nikampokea Baiyun, na Jumapili tulikwenda kucheza kama kawaida.

Jumapili moja, tukiwa shimo la saba, akasema bila kunitazama, "Nina jambo."

"Sema."

"Nimeoa. Dar. Mwezi wa tano sasa."

Nilisikia kila neno, na bado nikamwomba arudie. Akarudia.

"Nani anajua?"

"Mama. Na kaka yako mkubwa. Alikuwa shahidi."

"Ana mimba?"

"Anayo."

Nyuma yetu familia moja ilikuwa ikingoja tumalize ili nao wacheze. Baba, mama na bibi, wote wanatabasamu. Sikujua la kufanya isipokuwa kupiga. Nilipiga bila kulenga, mpira ukabingirika mbali, ukaingia shimoni. Wale watu wakapiga makofi. Mume wangu naye akapiga makofi, kwa mazoea tu, kisha mikono ikamwishia hewani.

Kwenye basi tulikaa kiti kimoja kwa sababu hapakuwa na kingine.

"Sijakuacha," alisema. "Haki yako iko palepale."

"Mbona umeniambia kule?"

"Nilikuona una furaha kule. Nikadhani utaweza."

Najua hakusema kwa ubaya.

Mtoto alipozaliwa, mume wangu alirudi Dar moja kwa moja. Niliomba talaka, akasumbuka, wazee wakazungumza naye, mwisho akaitoa. Mimi nimebaki Guangzhou na duka. Watu wa Xiaobei walinionea huruma kwa muda, kisha wakapata habari za wengine.

Kule uwanjani nimerudi mara moja, peke yangu. Nilicheza mashimo sita nikarudisha fimbo. Mama wa kibandani akaniandikia kwenye simu, simu ikanisomea kwa Kiingereza kibovu: umepoteza mpira? Nikatikisa kichwa, nikamkabidhi mipira yote. Nikatembea mpaka kituoni nikiwa nimeshikilia baibui mkononi ingawa njia ilikuwa kavu.

Kaka yangu hunipigia kila Idi. Napokea, kwa sababu baba alipofariki ni yeye aliyenisomesha. Namuuliza hali ya wanawe, ananiuliza biashara ikoje. Mwaka huu simu ilipokaribia kukatika akasema, "Dada." Nikangoja. Kisha akasema mvua ni kubwa huko Dar, barabara hazipitiki, na tukaagana.